Mkia Kwanza, Koo Baadaye: Namna ya Kumtambua Mvumaji Mgeni Uani

Mimi kwetu Muheza. Nimekulia penye migomba, na asubuhi chozi walikuwa wakija kunyonya maua yake kabla hatujamaliza kufagia uwanja. Ndiyo maana wiki ya kwanza nilipohamia Houston, nilipomwona ndege mdogo anayemeta kwenye maua ya jirani, nilimwambia mume wangu, "Baba, kumbe na huku chozi wapo!"

Hawapo. Yule alikuwa ndege mvumaji. Wavumaji wanaishi Amerika tu, ya kaskazini, ya kusini na visiwa vyake. Chozi wa kwetu ni ukoo mwingine kabisa, wamefanana kwa kazi yao ya kunyonya maua. Chozi mara nyingi hutua kwanza ndipo anyonye. Mvumaji husimama hewani, mabawa huyaoni, unausikia mvumo peke yake, na akishiba anarudi kinyumenyume.

Huu ni mwaka wa tisa nina chupa ya maji ya sukari uani. Karibu siku zote ndege ni wale wale. Halafu siku moja anakuja ambaye moyo unakwambia huyu siye, na hapo ndipo wengi wanapopotea: wanatazama koo, wanafungua kitabu, wanachagua picha inayopendeza kuliko zote. Naandika kwa ajili yetu tunaoishi huku Texas na majimbo ya jirani yanayopakana na Ghuba ya Mexico, ili siku hiyo ikifika usimpoteze mgeni wako.

Mjue kwanza wa kila siku

Mgeni humtambui kama humjui mwenyeji. Kwetu Houston mwenyeji ni mvumaji koo-jekundu, jina lake la kitaalamu Archilochus colubris. Huanza kuonekana Machi akitoka Mexico na Amerika ya Kati, na wengi wao huivuka Ghuba ya Mexico kwa safari moja bila kutua popote. Ndege huyo ana uzito wa gramu 3 hivi. Sarafu ya senti moja ya Marekani ina gramu 2.5. Iweke kiganjani, ndipo utaelewa ninachosema.

Dume ana mgongo wa kijani, koo jekundu na mkia wa rangi nzito wenye panda. Jike ana mgongo wa kijani vilevile, lakini koo na tumbo ni vyeupe, na manyoya ya pembeni ya mkia yana ncha nyeupe. Makinda waliozaliwa mwaka huo wanafanana na mama yao. Kila Septemba lazima mtu anipigie simu kwamba amepata ndege wa ajabu, mweupe kooni ila ana doa moja kama tone la damu. Huyo ni kijana wa kiume wa ukoo ule ule, anaota nyoya jekundu la kwanza.

Septemba ndio mwezi wa kusoma. Wanapita kwa wingi wakirudi kusini, chupa yangu moja hugombaniwa na sita au saba kwa wakati mmoja. Usihangaike kutafuta mgeni mwezi huo. Vuta kiti, tazama wa kawaida mpaka uwachoke: anavyoushikilia mkia anapokunywa, mdomo wake ulivyo mrefu kulinganisha na kichwa, sauti yake ndogo laini anapomfukuza mwenzake. Ukishavijua hivyo, mgeni atakushtua mwenyewe bila kumtafuta.

Chupa yenyewe haina mambo mengi. Kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji, basi. Usitie rangi nyekundu, usitie asali, usitumie sukari guru. Kwa joto la Houston badilisha kila baada ya siku mbili na uisugue chupa kwa maji ya moto. Maji yakianza kuwa na ukungu kama ya wali, ujue umechelewa.

Na usiishushe Oktoba. Jirani yangu mmoja, mzee wa kutoka Uvira, aliniambia kwa huruma kabisa, "Mama, ukiacha chupa, ndege watasahau kuondoka, watakufa na baridi." Si kweli. Kinachowaondosha ni siku kuwa fupi, na wakati wao ukifika wanaondoka hata ukiwawekea pipa zima. Chupa inayobaki juu baada ya hapo ndiyo inayopokea wageni. Kuanzia katikati ya Novemba, mvumaji yeyote anayekuja uani kwako katika pwani hii mtazame mara ya pili, kwa sababu wengi wa wenyeji wamekwenda zao. Nasema wengi, maana wachache hubaki. Tarehe peke yake haitoshi.

Koo litakudanganya

Ule wekundu wa kooni haukutiwa kama rangi inavyotiwa kitambaani. Ni mwanga unaogonga tabaka nyembamba ndani ya manyoya na kurudi machoni pako. Ndege akigeuza shingo kidogo, koo linatoka wekundu wa kaa la moto linakuwa jeusi kama kaa lililozimika. Akigeuka tena, linawaka rangi ya machungwa. Ndege yule yule, chupa ile ile, sekunde mbili.

Kwa hiyo mtu akikwambia "nimeona mvumaji mwenye koo jeusi," kwanza muulize jua lilikuwa upande gani. Yupo kweli mvumaji kidevu-cheusi, Archilochus alexandri, ndege wa magharibi ambaye hufika Houston, hasa majira ya baridi. Dume wake ni mweusi kidevuni, na chini ya weusi huo pana ukanda wa zambarau unaoonekana mwanga ukimwangukia sawasawa. Lakini weusi mwingi unaoripotiwa ni koo-jekundu aliyekaa kivulini.

Ukiona koo jeusi, ngoja. Usiandike rangi ya koo mpaka umeiona mara tatu katika mwanga tofauti.

Jike wa kidevu-cheusi ni mtihani mkubwa zaidi, amefanana na jike wa koo-jekundu kama shilingi kwa ya pili. Kinachonisaidia mimi ni mkia: huyu anapokunywa huupiga juu chini, juu chini, kama mtu anayepepea jiko la mkaa, wakati koo-jekundu huutuliza zaidi. Mdomo wake huelekea kuwa mrefu kidogo na kupinda kidogo kwenda chini, na utosi wake umepauka, una kijivu. Ukipata picha ya bawa lililokunjwa, tazama nyoya refu la mwisho: la kidevu-cheusi ncha yake ni pana na butu, la koo-jekundu limechongoka. Bila hiyo picha mimi siandiki jina kamili, naandika "Archilochus", jina la kwanza la wote wawili, na kuishia hapo.

Mkia ndio unaosema

Sasa nikueleze wa kwangu. Ilikuwa Jumamosi, Novemba 19, 2022. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, niko dirishani jikoni na chai yangu, mvua nyembamba inanyesha. Nikasikia kitu kigumu, "chk, chk," mkavu, kama mtu anagonganisha kokoto mbili. Siyo sauti ninayoijua. Nikaweka kikombe chini.

Alikuwa ametua kwenye waya wa kuanikia nguo, hatua sita kutoka chupani. Mgongo kijani. Koo jeupe lenye vidoa vidogo vya rangi ya shaba. Ubavuni alikuwa na rangi ya kutu, na hapo ndipo mkono ulipotaka kukimbilia kitabu. Nikajizuia, kwa sababu ubavu nao una mtego wake: makinda wa koo-jekundu mara nyingi huwa na wekundu mwepesi ubavuni, kama chai ya maziwa iliyomwagikia shati jeupe. Nikamngoja.

Baada ya dakika chache akafanya lile ambalo ndege wote hufanya wakishiba. Alijinyoosha. Bawa moja likashuka, na mkia ukafunguka upande mmoja kama kipepeo cha ukili. Nikauona wote: ncha nyeupe, kisha utepe mweusi, na shinani, pale manyoya yanapoingilia mwilini, kutu iliyokolea kabisa, rangi ya bati la zamani. Jike wa koo-jekundu hana kutu hiyo katika shina la mkia. Kutu ikikaa pale, uko kwa ndugu wa Selasphorus, kundi jingine la wavumaji.

Hilo ndilo ninalotaka ulichukue hapa kuliko mengine yote. Ukimwona mgeni, macho yako yaende mkiani, na uwe na subira ya kumngoja aufungue. Kwa kawaida huufungua katika nyakati tatu: anapojinyoosha, anapojichambua manyoya, na anapogombana na mwenzake hewani. Anapokunywa kwa utulivu huwezi kuona kitu.

Halafu andika. Andika kabla hujafungua kitabu wala Merlin, ile programu ya simu ya kutambua ndege, maana ukishaona picha ya ndege mzuri, akili yako itaanza kukumbuka mambo ambayo jicho halikuyaona. Daftari langu la siku ile lina maneno haya: "Saa moja na dakika hamsini. Mvua. Mgongo kijani wote. Ubavu kutu. Mkia: shina kutu, kati nyeusi, ncha nyeupe. Mdomo mnyoofu, mweusi. Sauti chk ngumu. Kafukuza shorewanda." Hilo la mwisho ni kweli, alimfukuza shorewanda anayemzidi uzito mara nyingi.

Wageni wengine wanaokuja

Dume mzima wa mvumaji wa kutu, Selasphorus rufus, hakupi kazi: mgongo wake mwingi ni rangi ya kutu, na bawa lake hupiga mluzi anaporuka. Tatizo ni jike na kijana, kama wangu, kwa sababu ana ndugu yake wa California, mvumaji wa Allen, Selasphorus sasin, na majike wa hao wawili huwezi kuwatenganisha kwa kutazama dirishani. Tofauti iko katika upana wa manyoya ya pembeni ya mkia, na hiyo inapimwa ndege akiwa mkononi. Hata dume mwenye mgongo wa kijani si lazima awe wa Allen. Wapo wa kutu wachache wenye mgongo kama huo.

Mvumaji tumbo-hudhurungi, Amazilia yucatanensis, ndiye rahisi kuliko wote na ndiye anayenifurahisha. Ni mkubwa, sentimita 10 hivi, koo na kidari kijani, tumbo la rangi ya hudhurungi iliyopauka, mkia wa kutu, na mdomo mwekundu wenye ncha nyeusi. Makazi yake ni kusini kabisa mwa Texas na Mexico. Wakati wenzake wote wanashuka kusini kukimbia baridi, baadhi yao hupanda kaskazini kufuata pwani mpaka kwetu, hadi Louisiana. Ukiona mdomo mwekundu, piga picha haraka, na utazame tumbo. Yupo mwingine mwenye mdomo mwekundu anayefika mara chache, Cynanthus latirostris, ila dume wake koo lake ni la buluu na tumbo lake halina hudhurungi.

Mdogo kuliko wote ni Selasphorus calliope, gramu 2.5 hivi, yaani ile senti moja yenyewe. Ana mkia mfupi mno: akitua, ncha za mabawa zinafika mwisho wa mkia au zinaupita. Na akija mnene, wa kijivu chafu kidarini, mwenye mkwaruzo katika sauti yake, fikiria Calypte anna wa pwani ya magharibi; dume wake ana rangi ya waridi iliyokolea mpaka utosini.

Vitu vinavyojifanya wageni

Rafiki yangu mmoja alinitumia picha ya mvumaji mwenye paji la njano. Hakuna mvumaji wa huku mwenye paji la njano. Niliikuza picha nikaona unga: ilikuwa chavua. Ndege anapoingiza kichwa katika ua, chavua humpaka usoni, na huweza kukaa nayo siku nzima. Tazama kama njano hiyo iko sawa pande zote mbili, na mtazame tena baada ya mvua.

Mweupe mwili mzima? Hutokea. Ni ndege wa kawaida aliyekosa rangi katika manyoya, si aina mpya. Macho na mdomo vikiwa vyeusi, amekosa rangi ya manyoya tu. Macho yakiwa ya waridi, huyo ni zeruzeru. Katika hao mkia wala ubavu hausemi kitu, jina utalipata kwa umbo na sauti.

Na anayekuja jioni kwenye maua, mdogo kuliko kidole gumba, asiyeogopa mtu, mwenye vipapasio viwili kichwani, huyo ni nondo. Wapo nondo wanaosimama hewani na kunyonya maua kwa namna ile ile. Nimewaona watu wazima wakibishana juu yake.

Picha isiyohitaji kamera ya bei kubwa

Simu inatosha ukiipangia. Chupa iwe mita mbili au tatu kutoka dirishani, na jua likupige mgongoni, siyo usoni. Funga kijiti kikavu karibu na chupa, atakizoea na kutua hapo kila mara, nawe utajua pa kuelekeza simu. Tumia video ya mwendo wa polepole kuliko picha moja moja. Baadaye ipitie taratibu uikamate ile sekunde ambayo mkia umefunguka. Mwenye kamera aweke kasi ya sehemu 1 ya 2,000 ya sekunde au zaidi. Unahitaji picha tatu tu: mkia uliofunguka, bawa lililokunjwa ukiwa ubavuni mwake, na koo mwanga ukiwa nyuma yako. Picha nzuri ya uso haimsaidii mtu yeyote kumtambua.

Ukizipata, zipandishe eBird, tovuti ya kuandikisha ndege ulioona, pamoja na maelezo yako ya daftarini. Wapo wakaguzi wa kila eneo wanaozitazama, nao hukuuliza maswali ya maana.

Ndege akiwa mkononi

Usijaribu kumkamata mwenyewe. Sheria ya ndege wahamao ya Marekani, ya mwaka 1918, inakataza, na kwa umbo lile unaweza kumuua kwa kumshika vibaya. Wapo watu wenye kibali cha serikali kuu cha kuvisha wavumaji pete yenye namba mguuni, na majira ya baridi wanapenda sana kuitwa. Nilimpata mmoja, mama mtu mzima, akaja asubuhi moja mwanzoni mwa Desemba. Sharti lake lilikuwa moja, chupa nyingine zote ziondolewe.

Alitundika chupa yangu ndani ya kizimba kidogo cha wavu chenye mlango wa kuangusha. Tulisubiri dakika ishirini. Ndege akaingia, mlango ukashuka, yule mama akamtoa kwa vidole viwili kama anayetoa kaa la moto jikoni. Akamtia katika kifuko cha kitambaa, akampima: gramu 3.5. Akamtazama mdomo kwa kioo cha kukuza akanionyesha mikwaruzo myembamba pembeni, ambayo ndege mzima hana: amezaliwa mwaka huu. Akampuliza tumboni kwa mrija wa soda, manyoya yakafunguka, tukaona mafuta ya njano chini ya ngozi. Kisha akapima manyoya ya mkia, moja moja. Nyoya la pembeni lilikuwa pana mno kuwa la Allen. "Wa kutu," akasema, "jike." Akamvisha pete mguu wa kulia, akamnywesha, kisha akaniwekea kiganjani.

Sikuhisi uzito. Nilihisi mtetemo tu, moyo wake. Akakaa kama sekunde tano, akaruka.

Pete ndiyo iliyotuonyesha urefu wa safari zao. Wa kutu mmoja aliyevishwa pete Tallahassee, Florida, Januari 2010 alikamatwa tena Juni mwaka ule ule huko Chenega Bay, Alaska. Ni zaidi ya kilomita 5,600 kati ya chupa na chupa.

Wiki tatu baada ya wa kwangu kuvishwa pete, siku mbili kabla ya Krismasi, baridi ilishuka Houston mpaka nyuzi 9 chini ya sifuri. Maji ya sukari huganda katika baridi hiyo. Nilikuwa na chupa mbili, moja nje, nyingine ndani karibu na jiko, nazibadilisha kila nusu saa tangu kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu ndege aliyelala njaa usiku mrefu hunywa alfajiri sana. Saa moja kamili alikuja, amejivimbisha kama pamba. Alikunywa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akinywa. Wa kwako akikaa mpaka Desemba, nunua chupa ya pili mapema.

Aliondoka wiki ya kwanza ya Machi. Chupa sikuishusha. Novemba 11 mwaka uliofuata nikasikia "chk" ile kavu kabla sijafungua pazia. Alikuwa juu ya waya ule ule wa nguo. Kooni vidoa vya shaba vilikuwa vimeongezeka. Nilingoja ajinyooshe, mkia ukafunguka: kutu, nyeusi, nyeupe. Chini yake, mguu wa kulia, kulikuwa na kitu kinachometa. Ilinichukua siku tatu na picha sitini na kitu mpaka tarakimu nne za pete zikasomeka, nikamtumia yule mama, naye akajibu kwa neno moja: "Ndiye."